Umeme Ukikatika, Daftari Linabaki Salama?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la maduka mengi limo ndani ya kompyuta, lakini mnunuzi wa diski huuliza mambo mawili tu: ukubwa na bei. Swali la tatu, ambalo ndilo la fedha, haliulizwi: umeme ukikatika katikati ya kuandika, inakuwaje?

Diski huandika kwa vipande. Kwa miaka mingi kipande kilikuwa baiti 512. Diski nyingi za sasa hutumia 4,096. Programu za kutunza kumbukumbu huandika kurasa kubwa zaidi. Ukurasa wa kawaida wa MySQL ni kilobaiti 16, yaani vipande vinne vya aina hiyo. Umeme ukizimika baada ya viwili, nusu ya ukurasa ni ya leo na nusu ni ya jana. Hesabu ya namna hiyo haimfai mwenye duka wala benki yake.

Kwa kuhofia hali hiyo, MySQL huandika ukurasa mara mbili: kwanza pembeni, kisha mahali pake. Usalama unapatikana, lakini kazi ya diski inaongezeka. Ndipo ikaja dhamana mpya: ukurasa uandikwe wote au usiandikwe kabisa. Amazon ilitangaza huduma hiyo kwa kilobaiti 16 mwaka 2022, na Linux toleo la 6.13, la Januari 2025, likaifikisha kwenye mifumo ya mafaili ya ext4 na XFS.

Hata hivyo, dhamana hii ni mnyororo. Diski, mfumo wa mafaili na programu lazima vyote vikubaliane juu ya ukubwa wa ukurasa. Fundi anayezima uandishi wa mara mbili ili kuongeza kasi, bila kuhakiki pande zote tatu, anacheza kamari kwa mtaji wa mwenzake.

Mfanyabiashara mdogo asikubali kamari hiyo. Aulize kama diski ina kapasita za kumalizia kazi umeme unapokatika, kwani diski huweza kujibu "tayari" kabla data haijatua. Anunue betri ya akiba, na atunze nakala mahali pengine. Anayeona gharama hizo ni kubwa azilinganishe na kazi ya kuwafuata wadeni wake mmoja mmoja, kila mmoja akitaja deni analolipenda.