Bonge Keshapimwa Sana, Sasa Lipimwe Godoro

Kuna klipu ilizunguka Instagram siku si nyingi. Mchekeshaji mmoja wa hapa Bongo, mtu wa mwili kwelikweli, jina kapuni, alirekodi godoro lake la sita kwa sita likiwa na bonde katikati, bonde la kufugia samaki. Godoro lenyewe halina hata mwaka. Akataja bei aliyonunulia, akasema dukani aliambiwa litakaa miaka kumi, akauliza hela yake aidai wapi. Malalamiko ya kawaida kabisa, kama ya mtu aliyeuziwa simu mbovu.

Watu wakafanyaje? Wakacheka. "Godoro limeomba talaka." "Huyo akalalie zege." "Pole ziende kwa godoro kwanza." Kufika jioni kesi ilishapinduka. Mlalamikaji kawa mshtakiwa, na muuzaji ambaye hakuandika hata neno moja kashinda kwa kutetewa na mji mzima, tena bure.

Katika wote waliocheka, hakuna hata mmoja aliyeuliza godoro lile lilikuwa na kilo ngapi.

Kilo za mwenye mwili ni habari ya umma. Stendi kuna kijana na mzani wake anakupima kwa jero. Kwenye harusi kuna mashangazi wanaokadiria kwa macho, na hawakosei sana. Kwenye bodaboda dereva anamtazama abiria kisha anatazama tairi. Bonge wa mjini anapimwa kutwa nzima hata pale asipoomba. Lakini godoro analouziwa kwa laki nne na ushee, hilo kilo zake ni siri ya kiwanda, na mtu akiuliza anaonekana mkorofi.

Siri hiyo ndiyo inayomla. Sponji ni mapovu tu. Kemikali zinachanganywa, zinaumuka kama unga wa mandazi, zikikauka zinabaki kuta nyembamba zenye hewa katikati. Ukiweka malighafi nyingi, kuta zinakuwa imara. Ukiweka kidogo, godoro linakuwa kubwa vilevile, refu vilevile, na kitambaa cha maua kilekile juu, ila ndani ni hewa. Kipimo chake kinaitwa densiti. Densiti 18 maana yake mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina kilo 18. Densiti 35, kilo 35. Hakuna uchawi hapo, ni hesabu ya darasa la saba.

Mwili wa kilo 60 unaweza kulala juu ya sponji hafifu kwa muda bila kuona tofauti. Mwili wa kilo 120 unaimaliza mapema. Na sehemu inayoumia ni moja: mtu akilala, mzigo mkubwa uko nyongani. Kila usiku kuta za mapovu mahali pale pale zinakunjwa, zinavunjika, zinalegea. Joto na unyevunyevu wa Dar nao unaongezea, maana sponji inachoka haraka zaidi ikikaa kwenye hali hiyo. Baada ya miezi nyonga zimezama, mgongo umepinda kama chandarua kilichotundikwa vibaya, mtu anaamka saa kumi na moja anajinyoosha kama kibarua wa bandarini. Halafu anaambiwa tatizo ni chips.

Watetezi wa wauzaji wana hoja yao wanayoipenda: bonge apunguze mwili. Sawa, huenda atapunguza, huenda hatapunguza, hiyo ni yake na daktari wake. Ila leo usiku analala na kilo alizonazo leo. Hakuna anayeuziwa suruali kwa kiuno cha mwaka kesho kutwa. Na mbona fundi wa lori hamwambii mwenye mzigo apunguze mahindi, anamwekea springi za kubeba tani zinazohitajika?

Sasa tuje kwenye lugha ya dukani, maana ndiko watu wanakopigwa. Kariakoo muuzaji anabonyeza godoro kwa ngumi, anasema, "Dada yangu, hii ni hai densiti, ngumu, othopediki, wewe lala tu." Maneno matatu, yote ya kupamba. "Hai" kuliko nini? Bila namba neno hilo ni sawa na kusema chakula "spesho". "Othopediki" limeshonwa kwenye kitambaa kwa uzi wa dhahabu, basi. Na "ngumu" ndio mtego mkubwa kuliko yote. Ugumu na densiti ni vitu viwili tofauti. Kiwanda kinaweza kutengeneza sponji ngumu yenye hewa tupu, ikawa kama ubao siku ya kwanza na kama andazi la jana baada ya miezi sita. Kinaweza pia kutengeneza sponji nzito iliyo laini kiasi, ikadumu miaka. Ngumi ya muuzaji inapima ugumu tu. Kudumu haipimi.

Hapa ndipo wanapoingia mabalozi. Kuna dada mmoja wa muziki, mwembamba kama fimbo ya kuchungia, alipata dili la godoro, akajirusha juu yake na gauni la kulalia, macho yamelegea, akawaambia mashabiki ni "godoro la kila mwili". Kila mwili upi? Mwili uliopanda pale ni mmoja, na huenda hauna kilo 55. Staa kupokea hela ya tangazo si dhambi, maisha ni magumu na kodi ya nyumba haisubiri wimbo upande chati. Lakini aliyesema "kila mwili" bila kutaja densiti hajui anachouza, au anajua. Mjini hapa kigodoro cha kuvaa kiunoni kinaulizwa maswali mengi kuliko godoro la kitandani: ni sponji gani, kinabonyea, kikilowa jasho inakuwaje. Kumbe watu wanajua kuuliza.

Hesabu yenyewe hii hapa. Sita kwa sita ya inchi 10 ina futi za ujazo 30, ambazo ni kama mita za ujazo 0.85. Ikiwa sponji ni densiti 18, inatakiwa iwe na kilo kama 15. Densiti 30, kilo 25 na nusu. Densiti 35, karibu kilo 30. Kitambaa na mapambo yake yapunguzwe kilo moja au mbili. Kwa tano kwa sita ya inchi 8, densiti 30 ni kama kilo 17, na ile ya 18 ni kilo 10 tu, mtoto wa sekondari anaibeba kichwani huku anachati. Kwa hiyo godoro la sita kwa sita linaloitwa "hai densiti" ambalo kijana mmoja analitoa dukani kwa mkono mmoja linajisema lenyewe. Mzani wa kuning'iniza mizigo upo kila kona, hata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Dakika tano.

Kwa mtu wa kilo 100 kwenda juu, chini ya densiti 30 ni kutupa hela, na 35 ndio inaanza kueleweka. Unene nao, inchi 6 hazimtoshi, atafika kwenye mbao. Inchi 8 ni mwanzo, 10 ni bora. Ila unene peke yake haumwokoi mtu: inchi 12 za hewa ni shimo refu zaidi.

Wajanja wako hata kwenye kilo. Mbinu ya kuchanganya unga wa mawe ya chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito inajulikana kwenye biashara hii duniani. Sponji ya namna hiyo mzani unaisifu ila maisha haina. Kwa hiyo anayenunua afungue zipu kama ipo, abonyeze sponji ya kawaida kwa kiganja aone inarudi kwa haraka au kivivu, avute kipande cha pembeni aone kama kinachanika kirahisi. Muuzaji akigoma zipu isifunguliwe, hilo nalo ni jibu.

Wapo wanaopendelea springi, na kwa mwili mkubwa si wazo baya, hewa inapita na joto linapungua. Bora zile ambazo kila springi iko ndani ya mfuko wake, waya wake uwe mnene. Kwenye namba za waya mambo ni kinyume: namba ndogo ndio waya mnene, kwa hiyo 13 ni imara kuliko 15. Mnunuzi akae ukingoni kama anavaa viatu. Ukingo ukimwangusha dukani, nyumbani utamwangusha kila asubuhi. Kuna pia sponji ya vipande vilivyogandamizwa, nzito na ngumu, ambayo inafaa sana kuwa tabaka la chini huku juu kukiwa na sponji nzuri inayopokea mabega. Kulala juu yake kavukavu ni adhabu.

Mabibi wa pwani walikuwa na magodoro ya sufi. Nayo yalibonyea, lakini hakuna aliyeitwa jina baya. Godoro lilifumuliwa, sufi ikaanikwa juani, ikachambuliwa, ikashonwa upya. Bonde lilikuwa la godoro.

Kitanda pia kisisahaulike. Watu wananunua godoro la maana wanaliweka juu ya chaga nne zilizoachana kiasi cha kupitisha kichwa cha mtoto, halafu wanalaumu kiwanda. Sponji inazama kwenye nafasi hizo, inachanika kwa chini. Chaga ziwe karibukaribu, nafasi ya vidole vinne inatosha, na kitanda cha sita kwa sita kiwe na boriti ya katikati yenye mguu unaogusa sakafu. Hiyo ni kazi ya fundi wa Keko wa kawaida tu, nusu siku. Vitanda vingi vizuri vya kupigia picha havina mguu huo kwa sababu hauonekani kwenye picha.

Lakini turudi kwenye aibu, maana biashara hii inaishi kwa aibu. Kuna dada mmoja anayepamba maharusi Sinza, mwili upo, kazi ipo, hela anaipata. Ndani ya miaka minne kanunua magodoro matatu. Hakurudisha hata moja. Waranti alikuwa nayo kwenye kabati, imeandikwa miaka mitano, muhuri wa duka juu. Hakwenda kwa sababu alishaisikia sentensi atakayoambiwa mbele ya wateja wengine. Akawa anakunja mablanketi mawili anayaingiza chini ya godoro, upande wake. Mume wake, mwembamba, kila usiku anateleza anamwangukia bondeni, wanacheka, wanalala vibaya wote wawili. Laki tatu mara tatu. Kwa hela hiyo angekuwa na godoro moja la uhakika, na chenji ya kitanda.

Waranti ambayo mtu anaona aibu kuitumia ni karatasi ya kufungia karanga, na wauzaji wanalijua hilo vizuri sana. Ndio maana wanagawa miaka kama pipi: mitano, kumi, kumi na tano. Hakuna anayeandika bonde likifika inchi ngapi godoro linabadilishwa. Hakuna anayeandika kilo za mlalaji zinazokubalika. Likibonyea, wanasema "matumizi mabaya". Kulala ni matumizi mabaya ya godoro?

TBS wapo, Tume ya Ushindani wapo, na sheria ya ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Godoro lenye neno la sifa bila namba ni upotoshaji uliovikwa kitambaa. Kiwanda kinachojiamini hakitashindwa kushona lebo yenye vitu vitatu, densiti, unene na uzito wa godoro zima. Mfuko wa sementi unaandikwa kilo 50, gunia la mchele linaandikwa, hata pakiti ya majani ya chai inaandikwa gramu. Godoro peke yake ndio linauzwa kwa inchi na tabasamu.

Yule dada wa Sinza mara ya nne alikwenda tofauti. Alibeba mzani wa kuning'iniza mkobani. Duka la kwanza walimcheka, mmoja akamuuliza, "Mama, unajipima wewe au godoro?" Akatoka. La pili wakamwambia namba ya densiti haiandikwi kwenye risiti, utaratibu hauruhusu. Akatoka. La tatu alimkuta mzee mmoja, akamwita "mwanangu", akaita vijana wawili walining'inize godoro, mzani ukasoma kilo 31. Mzee akaandika kwenye risiti: sita kwa sita, inchi 10, densiti 35, kilo 31, likibonyea zaidi ya inchi moja na nusu ndani ya miaka mitano linabadilishwa. Akasaini, akagonga muhuri. Aliombwa laki moja zaidi ya alivyozoea kulipa, akalipa. Lebo ya othopediki haikuwepo.