Eti elimu ya jamii ni ukafiri?

Ndugu wazazi wa Nyamyumba. Mnawakataza vijana kusoma falsafa na elimu ya jamii. Haya, tuliwaachia wengine watueleze, tukapata nini? Mwaka 1863 Mwingereza Speke aliandika kuwa watu weusi wana laana ya Hamu, na watawala wa huku asili yao ni Uhabeshi. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho hivyo vikaulizwa vizuizini, watu wakauawa.

Na Ibn Khaldun, Muislamu, aliikanusha laana hiyo tangu 1377: rangi ni joto la nchi, alisema. (Kwingine naye alitudharau; tumsome tukimhoji.) Binti yangu akiambiwa "watu fulani ndivyo walivyo," nani atamfundisha kuuliza, "Umejuaje?"