Karani Aliyeandika Habari za Uhuru

Sisi tushikao kalamu tumezoea kuambiwa ya kwamba kazi ya karani ni kuandika mawazo ya wakubwa wake. Yafaa basi tumkumbuke karani mmoja wa London, John Stuart Mill. Aliingia katika ofisi ya Kampuni ya Kiingereza iliyotawala India mwaka 1823, naye ni kijana wa miaka 17, akaitumikia hata mwaka 1858. Kwa miaka 35 alitunga barua za kupelekwa India, nchi ambayo hakuiona kamwe kwa macho yake. Mwaka 1865 alichaguliwa kuwa mjumbe katika Bunge la Uingereza.

Katika kitabu chake cha mwaka 1859 alifundisha ya kuwa mtu asizuiwe kutenda apendavyo maadamu hawadhuru wenziwe, wala asinyamazishwe kwa kuwa rai yake ni ya peke yake. Katika kitabu kingine, cha mwaka 1861, alizipima serikali za namna nyingi. Alisema ya kwamba hata mtawala mmoja mwenye hekima na huruma tele hafai, kwa sababu raia wake huzoea kutendewa tu, na akili zao hulala. Kushiriki katika mambo ya nchi, ijapokuwa ni kwa jambo dogo, humfunza mtu kufikiri mema ya wote.

Maneno hayo twayakubali. Lakini bwana huyu huyu alisema ya kwamba watu aliowahesabu kuwa hawajastaarabika yafaa watawaliwe kwa amri, maadamu shabaha ni kuwaendeleza. Hapo twaachana naye. Ikiwa kujitawala ni elimu ipatikanayo kwa kutenda, aliyezuiwa asitende ataipata wapi? Na nani atakayesema kwamba sasa amekomaa, ila yule yule apataye faida kwa kumchelewesha?

Hata hivyo tumpe haki yake. Mwaka 1867 aliomba Bungeni wanawake wapewe kura, akashindwa kwa kura 196 dhidi ya 73. Alithubutu kusimama pamoja na wachache.

Liko jambo litugusalo sisi makarani zaidi. Mill alitaka wenye elimu wapewe kura zaidi ya moja. Shauri la namna hiyo lilifika hata kwetu Afrika ya Mashariki: katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika wa Kenya, Machi 1957, mtu mmoja aliweza kupewa hata kura tatu kwa kadiri ya elimu yake, mali yake na utumishi wake. Shauri hilo humpendeza msomi, kwani lamsifu. Wako wenzetu wasemao, "Mkulima asiyejua kusoma atachagua nini?" Twawajibu: neno waliloambiwa baba zetu, tusilirithi ili tumwambie jirani. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kodi ikimlemea mkulima, au bei ya pamba yake ikimpunja, hahitaji cheti cha shule ili ajue panapouma.

Tena Mill, aliyeijua ofisi kwa ndani, alifundisha ya kwamba kazi ya baraza la wajumbe si kushika kalamu mahali pa watumishi, bali kuwaangalia, kuwauliza sababu, na kuwaondoa wenye mamlaka wakikosa uaminifu. Ofisi isiyoulizwa hufa kwa mazoea. Kwa hiyo tusimchukie raia ajaye dirishani akauliza kwa nini.

Na tuanzie humu chamani. Katika mkutano mkuu, mtunza fedha na asome hesabu yote, wala asione ni matusi akiulizwa. Kura ya tarishi na ihesabiwe sawa na kura ya karani mkuu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Tukiyashindwa haya katika chumba kimoja, kwa haki gani tutayadai kwa nchi nzima?