Lipia bati kwanza, rangi baadaye

Ukitaka kujua hali ya gari kuukuu, usianze na boneti. Piga magoti kando ya mlango, chukua sumaku ndogo, uipitishe polepole kwenye ukingo wa chini wa madigadi na kwenye zile mbavu zilizo chini ya milango. Penye chuma sumaku itanasa. Penye filla nene, ule ujazo unaopakwa chini ya rangi kusawazisha bati, itateleza ianguke. Kisha gonga kwa kidole. Chuma hulia, filla huitika kwa sauti ya ukuta wa udongo. Peugeot 404 inayong'aa kama sahani mpya inaweza kushindwa mtihani huu mdogo, na ikishindwa, lawama zote humwangukia fundi wa bodi wa mitaa ya Kariobangi au Dandora, Nairobi, aliyeitengeneza. Mimi naona kosa hilo huanza kabla fundi hajashika nyundo. Huanza kwa mwenye gari na jinsi anavyolipa: anatoa pesa kwa rangi anayoiona, na bati lililo chini yake halilipii.

Kutu haiko juu ya chuma kama vumbi lilivyo juu ya meza. Ni chuma chenyewe kilichoungana na hewa na maji kikageuka kitu kingine, na kitu hicho huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokizaa. Ndiyo maana rangi huvimba. Lile lengelenge la ukubwa wa punje ya dengu unaloliona pembeni mwa mlango mara nyingi ni tundu lililoanzia upande wa ndani na sasa linatokeza nje. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Mombasa na chumvi ya bahari, kwamba Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, haina kutu ya kutisha. Chumvi huharakisha, ni kweli, lakini tope la barabara za mitaani linatosha. Huingia ndani ya mbavu, huziba vitundu vya kutolea maji, kisha hukaa na unyevu wake wiki nyingi baada ya mvua kwisha. Na katika magari kama 404 na 504 hakuna chesisi iliyojitenga inayobeba uzito. Sakafu na mbavu hizo ndizo mifupa yenyewe. Kuzijaza filla ni kumbandika plasta ya kidonda mtu aliyevunjika mguu.

Kazi ya haki huanza kwa kukata. Fundi hukwangua rangi hadi afikie chuma kinachong'aa pande zote, kisha hukata kilichooza pamoja na ukanda wa kile kilichokonda, kwa sababu bati lililoliwa likawa kama karatasi halishiki weldi, linatoboka tu. Huchora kiolezo kwenye kadibodi, akakihamishia kwenye bati la geji 20, lenye unene wa karibu milimita 0.9. Ukingo huukunja juu ya kipande cha reli, akipiga kidogo na kusogea, akipiga na kusogea, hadi kiraka kikae mahali pake bila kulazimishwa. Kwenye kuchomelea ndiko subira inakopimwa: nukta moja hapa, nyingine mbali upande wa pili, asubiri zipoe, ndipo ajaze katikati. Anayeburuta moto mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho hulifanya bati livimbe kama chapati juu ya kikaango, halafu filla inahitajika kuficha mawimbi aliyoyaumba mwenyewe. Wengine hupendekeza mabati ya paa kwa kuwa hayashiki kutu haraka. Lakini zinki yake huungua palepale panapochomelewa, na moshi wake mweupe unaweza kumlaza fundi kwa homa na kutetemeka usiku uleule. Filla yenyewe siikatai. Ikipakwa nyembamba juu ya chuma kizima kusawazisha alama za nyundo, iko mahali pake. Juu ya shimo hunyonya maji na kuyatunza.

Nasikia pia kwamba kazi ya namna hii haiwezekani kwa mafundi wa jua kali, kwamba inahitaji mashine za Ulaya. Anayesema hivyo apite asubuhi Kamukunji, penye mafundi wa bati wa Nairobi, asikilize zile nyundo. Masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai, majiko ya bati yanayovishwa udongo ndani: vyote ni bati bapa lililopindwa, likakunjwa ukingo na kuunganishwa kwa mkono. Anayejua kuviringisha ukingo wa karai bila kuupasua anajua nusu ya kazi ya madigadi. Mashine ya kuchomelea ya waya na gesi hurahisisha mambo kwa bati jembamba, na ingefaa kila gereji iwe nayo, lakini hata moto wa gesi mikononi mwa mtu mtulivu hutoa kiungo kizuri. Kinachokosekana sana ni siku za kazi. Mteja huleta gari Jumatatu, hulitaka Ijumaa, na bei aliyokubali inatosha filla, msasa na sprei tu.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la pesa. Wengi wenye magari haya si matajiri wanaoyapeleka kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1970. Wengine wamerithi 504 iliyokuwa teksi ya masafa, au wanaitunza 404 kwa sababu wanakumbuka ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Kwao bei ya kubadilisha bati ni mzigo. Lakini rangi ndiyo inayoweza kungoja. Gari lenye mbavu mpya na praima isiyopitisha maji linaweza kutembea salama kwa muda, mwenyewe akiweka akiba. Malipo yagawanywe kwa hatua: sehemu baada ya kuona kilichokatwa, sehemu baada ya kuona weldi ikiwa uchi, sehemu baada ya praima na nta kumiminwa ndani ya mbavu. Fundi asipake filla kabla mwenye gari hajaja kutazama. Fundi mzuri hapotezi kitu kwa mpango huo, maana kwa mara ya kwanza analipwa kwa kazi iliyokuwa ikifichwa.

Na serikali nayo ina deni lake. Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985, vibanda vya kuwakinga jua vilikuwa miongoni mwa ahadi zake. Miaka arobaini baadaye magari mengi bado yanakatwa kando ya barabara, chini ya anga. Kwa fundi wa bodi paa ni kifaa cha kazi sawa na nyundo, kwani chuma kilichokwanguliwa hakiwezi kulala nje. Usiku mmoja wa mvua ya Aprili unatosha kulivika bati lililong'arishwa mchana kutwa utando wa rangi ya chungwa, na asubuhi fundi hushika msasa upya, kwa saa ambazo hakuna aliyepanga kuzilipia.