Sumukuvu: uadilifu huanzia kwenye mizani

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Wengi waliona siasa tu. Lakini mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mahindi mengi yalikuwa ya huko huko. Sumu haina pasipoti.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hapo ndipo penye mtihani: mahindi mabichi ni mazito, na uzito ni pesa. Kampuni inayonunua makavu na mabichi kwa bei moja humwadhibu mkulima aliyekausha. Hata ikijenga darasa na kupiga picha na wanafunzi, deni lake liko palepale. Iweke kwanza kipima unyevu kituoni na ilipe makavu zaidi.

Nawe mwenye magunia 20, usichanganye mabovu na mazima. Mpaka ukifungwa, hufungwa kwetu sote.