Picha Isipofunguka, Usiifute

Ndugu zako wamekuletea picha za mwisho za marehemu mama. Unazihamishia kwenye kompyuta, na kila unayoibofya haifunguki. Usiifute hata moja! Mara nyingi picha yenyewe ni nzima. Kompyuta ndiyo haijui kuisoma.

Tazama herufi za mwisho za jina la faili. Zikiwa HEIC, huenda picha ilipigwa kwa iPhone. Tangu 2017 simu hizo hutumia mtindo huo ili picha zisijaze nafasi, lakini kompyuta nyingi za Windows huhitaji programu ya nyongeza kuzisoma. Mwombe aliyepiga azitume upya kwa mtindo wa JPEG, unaosomwa karibu na kila kompyuta. Kubadili jina peke yake hakusaidii. Ni sawa na kubandika lebo mpya kwenye chupa ya dawa ileile.

Ukubwa wa faili ukiwa 0, picha haikufika. Inakili tena kutoka kwenye simu. Ndiyo maana tunashauri: usifute picha za kwenye simu kabla hujafungua nakala zake na kuziona kwa macho.

Na kadi ya kamera ikikutaka uifomati, kataa. Itoe, usipige picha nyingine juu yake, umpelekee fundi. Picha nyingi huokolewa hivyo.

Zikishafunguka, weka nakala mahali pawili. Kuna picha zisizopigwa mara ya pili.