Farasi 1,000 au Farasi Hewa?

Kuna staa mmoja wa mjini, jina kapuni, ambaye sikukuu zilizopita alishuka kwao Kenyamonta, kule Serengeti mkoani Mara, na Subaru ya lita 2 inayolia kama bunduki. Vijana wakajaa, simu zikatoka. Jamaa akaegemea boneti na kutamba kwamba mnyama wake ana nguvu za farasi 1,000, eti fundi "ameifungulia" turbo. Klipu ikasambaa, na sasa vijana wa kule wanaulizana bei ya turbo kubwa.

Farasi 1,000? Aache kiki.

Injini ndogo ya nguvu hizo iliwahi kuwepo, ila haikuwa ya kwenda nayo harusini. Miaka ya 1980 BMW walikuwa na injini ya Formula 1 ya lita 1.5, silinda 4 tu, yenye turbo. Nelson Piquet alibebea nayo ubingwa wa dunia mwaka 1983, wa kwanza kwa gari la turbo. Kufikia 1986, siku ya kugombea nafasi ya kuanzia, inakadiriwa ilivuka farasi 1,000. Ilikamuliwa hivyo kwa mizunguko michache tu, basi, kazi yake imeisha. Siku ya mbio zenyewe presha ilishushwa. Na hao ni BMW, wenye wahandisi na mafuta ya kupikiwa maalum. Staa wetu anajaza petroli ileile ya bodaboda.

Turbo inasokomeza hewa kwenye silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Sasa hewa ukiibana inapata joto. Joto likizidi, petroli inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni inapigwa kama nyundo mpaka inatoboka, au gasketi inaungua. Hapo fundi ana neno moja tu: imenoki. Tena Mara ni juu. Hata Ziwa Victoria lenyewe lipo zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo inabidi ijitese zaidi kufikia presha ya Dar.

Wanaojua kazi hawashindani kwa presha. Mwaka 1988 sheria za Formula 1 ziliibana turbo isizidi bar 2.5, na mafuta yasizidi lita 150 kwa mbio nzima. McLaren wenye injini ya Honda wakashinda mbio 15 kati ya 16! Na hiyo Subaru anayoiringia? Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Impreza ambayo hewa ya turbo yake ilipitishwa kwenye tundu la milimita 34. Nguvu yake ilikuwa kama farasi 300 hivi. Mia tatu tu, kwenye vumbi, mawe na matope, na gari likafika.

Kinachouma ni kwamba anawadanganya watu wa ng'ombe. Mnadani hakuna mzee wa Kikurya wala wa Kingoreme anayenunua dume kwa kusikia mlio wake. Analitembeza kwanza, anaangalia meno. Lakini mwanawe anaona klipu ya sekunde 30, anauza ng'ombe wawili wa nyumbani, anafunga turbo ya mtumba kwenye injini ambayo pistoni zake hazikuundwa kwa mzigo huo. Breki ni zilezile za zamani. Barabara ni ileile wanayopita watoto wa shule.

Staa ikinoki anaazima gari la mshkaji na kupiga picha nyingine. Kijana wa Kenyamonta anabaki na bodi juu ya matofali, na mzee anayeuliza ng'ombe wake wako wapi.

Kama farasi wapo kweli, aweke karatasi ya mashine ya kupimia nguvu, na aseme injini ilidumu dakika ngapi. Maana tetesi za mjini zinadai Subaru hiyo ilirudi kutoka Mara ikiwa juu ya lori, na klipu ya safari hiyo hajaiposti mpaka leo.